Mia na Hamsini kwa Siku

CLIVE: Haloo? Nani huyo?

LORNA: Mimi.

CLIVE: Mimi nani? Kama unauza bima, mwenye nyumba alishakufa.

LORNA: Clive, ni mimi, Lorna. Dada yako.

CLIVE: Lorna? Mbona namba ngeni?

LORNA: Simu ya zamani ya Tamsin. Yangu— yangu nimeiacha. Hujambo, kaka?

CLIVE: Sijambo, mgongo tu. Na vumbi. Mpwa wangu hajambo?

LORNA: Hajambo, ana mitihani wiki hii yote. Sasa sikiliza, nina dakika ishirini na tano. Niko ndani ya gari hapa shuleni, watoto wanakula. Nataka unisomee karatasi yangu ya mshahara. Nimekutumia picha.

CLIVE: Saa hizi? Nina wageni, mdogo wangu. Shemeji kaja na mashine yake ya kukatia vigae, tuko bafuni tangu asubuhi.

LORNA: Shemeji nani?

CLIVE: Nina shemeji wangapi? Mumeo, Keith. Leo si siku yake ya kupumzika kazi ya ghalani? Ngoja nimwite umsal—

LORNA: Usimwite.

CLIVE: Yuko hapa hapa, Kei—

LORNA: Clive. Nimesema usimwite. Na usimwambie ni mimi.

CLIVE: Kuna nini?

LORNA: Hakuna kitu. Toka hapo ulipo, nenda jikoni.

CLIVE: Niko jikoni, nachemsha chai. Na huko anakata vigae, hata ukipiga tarumbeta hasikii. Haya, sema.

LORNA: Kuna nyumba nataka kupanga. Fleti, juu ya lile duka la vitambaa karibu na shule ya Tamsin. Dalali kanipa mpaka saa kumi leo. Ikipita saa kumi anampa mtu mwingine, na huyo mtu nimemwona kwa macho yangu, amekaa pale ofisini na mkoba mapajani kama anasubiri daktari.

CLIVE: Mnahama? Mbona Keith hajaniambia?

LORNA: Nisikilize kwanza, muda unakwenda. Kwenye fomu waliuliza napata kiasi gani. Nikaandika mia na hamsini kwa siku.

CLIVE: Ah, Lorna.

LORNA: Nini?

CLIVE: Hupati mia na hamsini kwa siku.

LORNA: Wakala wa walimu ndivyo walivyoniambia. Wakati ananipangia shule hii, yule dada wa wakala alisema kwa kinywa chake, mwalimu wa muda, mia na hamsini kwa siku, malipo yatapitia kampuni ya mwavuli. Nikadhani mwavuli ni jambo jema. Mtu anakupa mwavuli, unakaa pakavu.

CLIVE: [anacheka] Pakavu.

LORNA: Usicheke. Sina hali ya kuchekwa leo.

CLIVE: Sikucheki wewe. Miaka kumi na moja hii natengeneza ishara za reli, nimepita miavuli sita, na yote nimelowa. Sasa sikiliza. Mia na hamsini ni bei yako, si mshahara wako. Mkate pale dukani unauzwa pauni mbili. Mwokaji anapata mbili?

LORNA: Usinisomeshe kama darasa la tatu, nimetoka kushinda nalo.

CLIVE: Basi jibu.

LORNA: Hapati mbili.

CLIVE: Hapati. Shule inamlipa wakala. Wakala anachukua chake, wala hutakiona hicho. Halafu wakala anaipa kampuni ya mwavuli mia na hamsini yako, mara siku tano, mia saba na hamsini kwa wiki. Hapo bado si pesa yako. Hapo ni pesa ya kampuni, maana mwajiri wako kwa maandishi ni kampuni.

LORNA: Sijawahi hata kuwaona.

CLIVE: Hakuna aliyewahi kuwaona. Sijakanyaga ofisi ya mwavuli hata mmoja. Ni barua pepe na muziki wa kusubirisha mtu kwenye simu.

LORNA: Ule muziki naujua. Jana nimeusikiliza dakika arobaini.

CLIVE: Sasa, hapo juu kwenye mia saba na hamsini wanatoa ada yao, ishirini—

LORNA: Ya nini?

CLIVE: Ya kukutengenezea hiyo karatasi. Halafu wanatoa bima ya taifa, upande wa mwajiri—

LORNA: Hapo ndipo ninaposhangaa. Upande wa mwajiri. Na chini kabisa nakuta bima ya taifa tena, upande wa mfanyakazi. Zote mbili nalipa mimi. Kwa hiyo mwajiri ni mimi na mfanyakazi ni mimi. Basi na mimi nijiite ofisini nijipe onyo.

CLIVE: Hawaikati kwenye mshahara wako. Hilo lingekuwa kosa. Wanaitoa kabla mshahara haujaitwa mshahara.

LORNA: Na tofauti yake ni ipi mfukoni mwangu?

CLIVE: Mfukoni hakuna.

LORNA: Endelea.

CLIVE: Kuna tozo ndogo ya mafunzo ya wanagenzi. Kuna fungu la likizo. Ngoja nikuze hii picha... umeipiga ukiwa unatetemeka? Haya. Baada ya hayo yote, mshahara wako ghafi, mia tano sabini na tano. Ukitoa kodi na bima yako wewe, mia nne themanini na mbili. Iko sawa. Hawajakuibia.

LORNA: Najua hawajaniibia. Sikukupigia kwa hilo. Nilichokupigia ni huo mstari wa pili. Soma mstari wa kwanza na wa pili.

CLIVE: Mshahara wa msingi, mia tatu tisini na saba. Bonasi, mia moja sabini na nane.

LORNA: Bonasi ya nini, Clive? Nimefundisha hesabu za sehemu kwa watoto thelathini na mmoja na mvua ikavuja darasani. Nani kanipa bonasi?

CLIVE: Si bonasi. Ni jina tu. Mkataba wako wa mwavuli unasema watakulipa kima cha chini cha sheria kwa saa. Hicho ndicho wanachokuahidi. Kinachobaki juu yake wanakiita bonasi ili wasije wakafungwa nacho. Lakini kinakuja kila wiki.

LORNA: Mimi najua kinakuja kila wiki. Dalali hajui. Dalali kaniambia, tena kwa upole, ule upole wa mtu ambaye ameshakata shauri, kwamba kampuni yao haihesabu bonasi. Wanahesabu mshahara wa msingi. Na kwa kuwa nafundisha wiki za shule tu, kazidisha mara thelathini na tisa, si hamsini na mbili. Ikatoka elfu kumi na tano na ushei. Pango ni mia tano na hamsini kwa mwezi, wao wanataka mapato ya mwaka yawe mara thelathini ya hiyo. Elfu kumi na sita na nusu. Nimekosa kwa elfu moja na kidogo.

CLIVE: Na ukiweka bonasi unapata—

LORNA: Elfu ishirini na mbili. Najua. Nimepiga hesabu hiyo mpaka kalamu imeniishia wino.

CLIVE: Waambie watu wa mwavuli wakuandikie barua.

LORNA: Nimewaambia. Ndizo zile dakika arobaini. Kaja msichana mmoja, sauti kama ana mafua, kasema wanaweza kuandika barua leo leo, lakini barua itataja mshahara wa msingi peke yake, kwa sababu kwa mujibu wa mkataba bonasi ni hiari ya kampuni. Nikamwuliza, dada yangu, mmewahi kuacha kunipa hiyo hiari? Akasema hapana. Nikamwuliza, mtaacha wiki ijayo? Akasema haruhusiwi kujibu swali hilo. Akaniuliza kama kuna jambo jingine anaweza kunisaidia.

CLIVE: Wanasoma kwenye kompyuta, hao.

LORNA: Nilitaka kulia, Clive. Nilikuwa kwenye chumba cha walimu, mwenzangu anakula supu.

[mkwaruzo]

CLIVE: —sikii, unakatika—

LORNA: Ni mvua. Unanisikia sasa?

CLIVE: Nakusikia. Nikuulize jambo. Wiki ile ya mapumziko, mwishoni mwa mwezi wa tano, shule zilipofungwa. Ulilipwa?

LORNA: Nilipwe na nani? Sikufundisha. Keith alininunia wiki nzima.

CLIVE: Hukuomba?

LORNA: Kuomba nini?

CLIVE: Likizo yako. Si nimekuambia kuna fungu la likizo? Wengine hulipwa pamoja na mshahara kila wiki, wengine huwekewa. Wewe umewekewa. Angalia chini kushoto, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Wanakuwekea karibu sabini kila wiki, na ni pesa yako. Lakini hawakupi mpaka uombe. Ulipojiunga kulikuwa na kisanduku cha kuweka alama.

LORNA: Walinitumia kurasa kumi na nane. Nilisaini kwa kidole nikiwa kwenye foleni ya sokoni.

CLIVE: Basi ulisaini uwekewe. Tangu mwezi wa pili mpaka leo... una karibu mia tisa pale.

LORNA: Karibu ngapi?

CLIVE: Mia tisa.

LORNA: Mia tisa zangu?

CLIVE: Zako. Ukiomba leo kabla hawajafunga, Ijumaa unazo, zikishakatwa kodi. Na uziombe kweli. Mwaka wao wa likizo ukiisha hujaomba, kuna kampuni nyingine hukaa kimya.

LORNA: [anacheka kidogo] Kumbe ninazo. Mungu wangu. Kwa hiyo alikuwa na haki.

CLIVE: Nani alikuwa na haki?

LORNA: Achana nayo. Amana ya nyumba ni mia sita na kitu, nilikuwa sijui nitaitoa wapi, nilitaka kuuza piano ya mama. Sasa hiyo imepatikana. Kilichobaki ni hiyo elfu moja ya kwenye fomu.

CLIVE: Lakini hilo ni jambo dogo, mimi sioni unahangaika nini. Weka mshahara wa Keith. Mtu ana kazi ya kudumu, mshahara wa mwezi, karatasi yake ina mstari mmoja. Fomu zao zina nafasi ya wapangaji wawili. Andika jina lake, peleka karatasi zake tatu, kwisha. Ngoja nimwambie hapa hapa, atume kwa simu—

LORNA: Clive.

CLIVE: Dakika mbili tu—

LORNA: Clive, kaa chini.

CLIVE: Nimekaa.

LORNA: Hujakaa, nasikia viatu.

CLIVE: Haya, nimekaa. Hiyo fleti ina vyumba vingapi?

LORNA: Viwili.

CLIVE: Viwili. Kimoja cha Tamsin.

LORNA: Ndiyo.

CLIVE: Na kimoja chenu.

LORNA: Kimoja changu.

CLIVE: Lorna, huyu mtu yuko bafuni kwangu anabandika vigae bure.

LORNA: Najua.

CLIVE: Kanunua gundi kwa pesa yake. Tumecheza vishale pamoja miaka ishirini. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani, Krismasi ile, mama akiwa hai.

LORNA: Sijasahau. Sikukupigia unihukumu, nimekupigia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeelewa hiyo karatasi. Kama hutaki kunisaidia, niambie, bado nina dakika kumi na moja.

CLIVE: Amekupiga?

LORNA: Hapana.

CLIVE: Ana mwanamke?

LORNA: Hana.

CLIVE: Sasa ni nini? Mtu hapigi, hana mwanamke, halewi zaidi ya sisi wengine—

LORNA: Nikikuambia utasema ni jambo dogo.

CLIVE: Sema.

LORNA: Kila Ijumaa karatasi ya mshahara ikija, ananikalisha mezani. Anatoa kalkuleta. Anaandika mia na hamsini mara tano. Anatoa nilichopata. Inabaki mia mbili sitini na nane. Ananiuliza ziko wapi. Nikamweleza mara ya kwanza, kodi, bima, ada, na mimi mwenyewe nusu ya hayo siyaelewi, basi nababaika, na nikibabaika anasema ona, unababaika. Yeye karatasi yake ina mstari mmoja, kama ulivyosema. Hajawahi kuona kitu kama hiki. Anasema hakuna mwajiri duniani anayekata mia mbili na sitini kwa wiki. Anasema ninazo mahali.

CLIVE: Ningemweleza mimi.

LORNA: Tangu mwezi wa pili, Clive. Kila Ijumaa. Chakula kinapoa. Tamsin amezoea kuchukua sahani yake akapanda nayo juu. Na Keith ameanza kunichukulia simu aone ujumbe wa benki. Ndiyo maana nimepiga kwa hii.

CLIVE: Sikujua.

LORNA: Ijumaa iliyopita akaniambia nimwage mkoba. Nikadhani anatania. Akasema nimwage mezani. Tamsin alikuwa amesimama mlangoni na rafiki yake wa shule. Nikamwaga. Leso, funguo, chaki, vidonge vyangu, risiti. Akazifungua risiti moja moja. Akakuta ya pauni tatu, nilinunua keki na chai peke yangu, nikakaa dirishani nusu saa. Akaniuliza za keki nilitoa wapi. Mtoto wa watu anaangalia. Nina miaka arobaini na sita, watu wananiita mwalimu, na nikawa naeleza keki.

CLIVE: Mimi—

LORNA: Na unajua alisema nini? Alisema, usinidanganye, Clive mwenyewe kaniambia.

CLIVE: Nimemwambia nini?

LORNA: Nakuuliza wewe.

CLIVE: Mimi sijamwambia kitu kuhusu—

LORNA: Kwenye baa. Mwezi wa pili, siku ya mashindano yenu ya vishale. Ulikuwa na watu, mnacheka. Ukasema mtu wa mwavuli hakosi kibubu cha siri. Ukasema wewe miaka yote hiyo mke wako hajui unalipwa ngapi hasa, kwa sababu karatasi ile hata Mungu hawezi kuisoma.

CLIVE: Ilikuwa ni mzaha.

LORNA: Nilijua ni mzaha.

CLIVE: Watu wote walicheka. Keith mwenyewe alicheka.

LORNA: Alicheka, akarudi nyumbani akatafuta kalkuleta.

[mkwaruzo]

CLIVE: Lorna, sikukusudia. Naapa.

LORNA: Najua hukukusudia. Nimekukasirikia wiki kumi na tano na wewe hujui, na nimekuja Jumapili mbili nikala kwako na nikakupakulia viazi. Sasa nimechoka kukasirika. Nataka mlango ambao ufunguo wake ninao mimi. Ni hilo tu.

CLIVE: Dalali anakubali mdhamini?

LORNA: Anakubali. Awe na mapato mara thelathini na sita ya pango, awe na karatasi tatu. Nisipolipa, analipa yeye. Sikutaka kukuomba.

CLIVE: Mara thelathini na sita ya mia tano na hamsini. Elfu kumi na tisa na mia nane.

LORNA: Na wewe ni mwavuli pia, bonasi zako hawatazihesabu.

CLIVE: Mimi nafanya saa arobaini na tano kwa wiki, na reli haifungi kwa mapumziko ya shule. Hata kwa kima cha chini kitupu napita elfu ishirini na nane. Waondoe bonasi, wakipenda waondoe na chai. Barua pepe yangu unayo?

LORNA: Ninayo. Clive, fikiri kwanza. Huyo ni rafiki yako.

CLIVE: Nimeshafikiri.

LORNA: Atakuja kujua kwamba ni wewe.

CLIVE: Atajua. Nitamwambia mwenyewe, ukishakuwa ndani na mlango umefungwa. Sasa mtumie dalali jina langu. Clive, na la pili Ambrose, usicheke, kwenye kitambulisho liko. Mwambie anitumie fomu sasa hivi nisaini kwa simu. Karatasi zangu tatu za mshahara nazituma pia. Na wewe, kabla hujarudi darasani, waandikie mwavuli mstari mmoja, naomba fungu langu lote la likizo, Ijumaa hii. Usiwapigie. Waandikie, ili ibaki.

LORNA: Naandika sasa hivi. Subiri usikate... naomba fungu langu lote... la likizo...

CLIVE: Weka tarehe.

LORNA: Nimeweka. Imekwenda. Na dalali nimemtumia. Anaandika. Anasema... anasema sawa, fomu imekwenda kwako, ikirudi kabla ya saa kumi nyumba ni yangu. Clive, imekuja?

CLIVE: Bado. Mtandao wa hapa unatambaa... Lorna, mashine imenyamaza.

LORNA: Mashine gani?

CLIVE: Ya vigae. Anakuja.

LORNA: Kata simu.

CLIVE: Nikikata atauliza. Tulia. [kwa sauti kubwa] Ndiyo, bibi. Ndiyo, nipo. Hapana, bibi, hiyo namba ya mwajiri sinayo karibu.

LORNA: Nasikia sauti yake.

CLIVE: Samahani, bibi, subiri kidogo. Chai iko hapo, Keith, sukari juu. Ni watu wa mwavuli, wa mshahara. Kulikuwa na kosa kwenye hesabu zangu. Hapana, si lao. Langu. Ile kauli yangu ya baa, ya kibubu, unaikumbuka? Hakuna kibubu, bwana. Nimeulizia mstari kwa mstari. Wanachokata kinakatwa, hakuna anayeficha kitu. Nilikuwa nabwabwaja. Haya, kunywa chai.

[kimya]

LORNA: Anasema nini?

CLIVE: Hakuna neno, bibi. Ndiyo, fomu imefika, naiona. Nasaini... hapa... na hapa. Tayari, bibi, nimetuma.

LORNA: Imefika. Dalali kaandika. Imefika, Clive. Siwezi kuongea.

CLIVE: Si lazima, bibi. Nilitaka kuuliza tu, huo utaratibu mpya unaanza lini?

LORNA: Jumamosi. Saa tatu asubuhi anatoa funguo. Keith atakuwa zamu.

CLIVE: Jumamosi, saa tatu.

LORNA: Kengele hiyo, lazima niende. Piano siwezi kuibeba, nitaiacha.

CLIVE: Msiiache, bibi. Ninalo gari la kazini, na nina mikanda ya kufungia. Nitakuja na watu wawili.

LORNA: Kaka—

CLIVE: Haya, bibi. Asante kwa kupiga. Kazi njema.